Nimetangaza "Huyu Haachi Kazi", na Sehemu ya Mwisho Anaacha

Mpendwa Bi Mkavu,

Shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri basi nirudishie mwenyewe, maana picha yako hapo juu ya safu ni ile ile tangu nikiwa shuleni na mtu hawezi kujua. Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, kwa sababu kunigombeza utanigombeza tu, nimekusoma miaka mingi na sijaona mtu aliyetoka kwako bila kuambiwa yake.

Mimi niko idara ya masoko katika kituo cha televisheni, bado kijana, sijaolewa, na kazi yangu kwa lugha rahisi ni kuhakikisha tamthilia inapoanza kuonyeshwa watu wameshaisubiri kama mshahara. Mwaka huu nilipewa tamthilia mpya kabisa, inamhusu msichana mhandisi wa barabara anayeanza kwa kutumwa chai kwenye kampuni iliyojaa wanaume, na sehemu baada ya sehemu anapanda mpaka anakabidhiwa mradi mzima, na mkuu wa idara yetu aliponikabidhi aliniambia, "Dada, nataka wasichana wa maofisini. Wale wenye kazi zao na mipango yao, wanaorudi jioni wamechoka na hawataki kusikia habari za mapenzi. Hao hawatuangalii, wanaangalia simu. Niletee hao." Nikamwambia hao nawajua, hao ni mimi na rafiki zangu, nikatoka mle ofisini nikitembea kama niliyeongezwa kimo.

Sikukaa mezani kubuni maneno, nilikwenda kuwasikiliza, nikapita benki wakati wa mapumziko, nikapita saluni, nikapita kwa mawakili, na Ijumaa moja mchana nikaenda kantini ya hospitali anakofanya kazi mama yangu mdogo, ambaye ni kitinda mimba wa bibi yangu, amenizidi miaka michache tu, tumelala kitanda kimoja, amenisuka, amenifundisha kupiga pasi bila kuunguza kola, na leo ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi na wakunga wazima wakisikia viatu vyake koridoni wanakaa sawa. Lakini lazima nikueleze na lile ambalo kwetu halisemwi. Mama mdogo alikuwa muuguzi zamani, alikuwa anapanda vizuri tu, walikuwa wanampeleka masomoni, akaolewa, na mume akamwomba aache kazi abaki nyumbani, akaacha, na sisi ukoo mzima tukapiga vigelegele, mimi nikiwa wa kwanza, halafu ndoa ikaja ikavunjika na yeye akarudi hospitali kuanza chini kabisa, akipokea amri kutoka kwa wasichana aliowafundisha mwenyewe kushika sindano, na tangu hapo habari hiyo haiguswi na mtu, hata kwenye shughuli za familia mtu akikaribia kuitaja mwingine anaomba chumvi.

Basi pale kantini nikawaeleza yeye na wenzake habari za mhandisi wangu, wakasikiliza vizuri, na nilipomaliza mama mdogo akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mwanangu, na huyo wenu naye mwishoni anavaa shela anaacha kazi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nauliza kweli. Tumechoka. Msichana anasoma, anahangaika, anagombana na mabosi miezi mitatu mizima sisi tunakesha naye, halafu siku ya mwisho anakabidhi funguo za ofisi, muziki unapigwa, tunaambiwa ndiyo kafurahi. Mimi nikiona hiyo tena nazima tivi nakwenda kulala." Wenzake wakagonga meza kwa kukubali. Mimi nikasema, "Huyu haachi kazi, mama mdogo. Huyu haachi." Na wakati nasema nikajua tangazo ninalo.

Bi Mkavu, naapa sikuwa nadanganya. Sisi kwenye kazi yetu huwa tunaanza kutangaza huku mkia wa tamthilia bado uko chumba cha uhariri unakatwakatwa, maana nafasi za mabango zinakodiwa mapema, na wakati ule nilikuwa nimeona nusu ya kwanza tu, na katika nusu hiyo yule binti alikuwa haachi kazi hata angefukuzwa na mbwa. Ya nusu ya pili nilikuwa na muhtasari wa ukurasa mmoja ambao mstari wake wa mwisho ulisema, "Baada ya misukosuko mingi, anaipata furaha yake." Nikaona sawa, furaha yake si ndiyo ule mradi.

Mabango yakapanda. Binti kavaa kofia ngumu, kakunja mikono, nyuma yake greda, na chini maneno makubwa HUYU HAACHI KAZI. Sitaki kujisifu lakini yaliwaka, wasichana wakawa wanapiga picha chini yake na nguo zao za kazini, wahudumu wa benki wakaiweka kwenye simu zao, wakili mmoja akaomba nakala aibandike ofisini kwake, na kwenye kikao mkuu wa idara akasimama akasema hadharani kwamba kiti cha naibu wake kiko wazi na mimi nianze kujifunza kukikalia. Kisha akasema kwenye uzinduzi anataka mtu halisi aongee, si mwigizaji, mwanamke wa kazi, na mimi nikamwomba mama mdogo, wala sikumbana, nikamwambia afikirie. Akafikiria siku kadhaa. Akanipigia akasema, "Nitakuja, na nitasema yangu." Nikamuuliza yake ipi. Akasema, "Ile ya kuacha kazi. Sijawahi kuisema mbele ya watu, mwanangu, lakini kama safari hii mmetengeneza msichana asiyeacha, basi acha mimi niwaambie kwa nini asiache." Nililia palepale ofisini, nikasingizia mafua.

Wiki iliyopita sehemu za mwisho zikashuka kutoka uhariri. Nikavaa spika za masikioni nikaangalia zote kwa mkupuo mmoja, na ile ya mwisho kabisa, Bi Mkavu, mchumba wake anakuja pale barabarani, barabara yenyewe imebaki kipande kidogo kuisha, anamwambia nyumba bila mama si nyumba, na binti anamwangalia, anacheka, anavua ile kofia anamkabidhi msimamizi wa mafundi, mafundi wanapiga makofi, anapanda gari, muziki, mwisho. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena nikidhani nimeruka kitu. Nikamuuliza mhariri wa picha kama hiyo ndiyo yenyewe, akaniambia, "Ndiyo hiyo. Kwani nyinyi hamkusoma muswada?" Nikamwambia tulipewa muhtasari. Akacheka mpaka akavua miwani.

Nikaenda kwa mkuu. Alinisikiliza huku anaandika, akasema, "Sisi tunauza mlango wa mbele, dada. Mtu akishaingia, ya uani hayatuhusu. Atakayefika sehemu ya mwisho tumeshampata, na akikasirika atapiga kelele, na kelele ni tangazo la bure." Nikamwambia mama yangu mdogo atapanda jukwaani. Akasema, "Huyo ndiye atauza kuliko mabango yote, mwache apande." Akanikumbusha pia kwamba nimesaini kutotoa siri za tamthilia, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Sasa uzinduzi ni Jumamosi. Mama mdogo kashona nguo. Kila siku ananipigia kunisomea kipande cha hotuba, "Hapa nilipotaja yule msichana niliyemfundisha, niache au nitoe?" na mimi namwambia acha, ni pazuri, halafu nakata simu natazama ukuta. Nikimwambia, atajitoa, uzinduzi utabaki hauna msemaji, mkuu atajua nimesema, kiti kimekwenda na pengine kazi pia. Nisipomwambia, atasimama mbele ya ukumbi mzima atoe jambo ambalo hata dada zake hawalitaji, na baada ya miezi kadhaa wodi nzima itakaa mbele ya tivi imwone yule binti anakabidhi kofia huku anacheka, kisha wamgeukie yeye. Mwenzangu ofisini ananiambia ninyamaze Jumamosi ipite halafu nimwambie polepole, na kwamba hii ni tamthilia tu, si Biblia wala Kurani. Kuna saa namwona ana akili. Kuna saa natamani kulia.

Nifanye nini? Na tafadhali sana, ficha kila kinachoweza kunitambulisha.

Ni mimi,
Muuza Tamthilia


BI MKAVU ANAJIBU

Marahaba, Muuza Tamthilia. Picha ni ya zamani na itabaki hiyo hiyo. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa kaa vizuri, ni zamu yangu.

Kwanza pole, na pole hii si ya mdomoni. Una mkuu anayekusifu hadharani na kukuminya faraghani, una kazi unayoipenda na mtu unayempenda, na vyote viwili vimegongana kwenye Jumamosi moja. Mtu angekuwa na moyo mgumu asingekuwa na shida hii hata kidogo, angeshachagua nguo ya uzinduzi.

Ulichosema kantini hakikuwa uongo. Ulisema ulichokiona. Kosa lilikuwa la kazini kwenu: mmepewa chungu bado kiko jikoni, mkaonja juu kidogo, mkatoka barabarani kutangaza kwamba chumvi imekolea. Na wewe nawe, mwanangu. Muhtasari unasema "anaipata furaha yake" na msichana mzima wa masoko, ambaye kazi yake ni maneno, huulizi furaha gani? Neno hilo kwenye muhtasari wa tamthilia ni kama "bei maelewano" kwenye tangazo la nyumba. Ukiliona, unauliza kabla hujatoa mguu. Ungesoma muswada tungekuwa tunaongea mambo mengine leo.

Lakini hilo lilikuwa kosa, na kosa lina dawa. Tangu siku ulipovua zile spika masikioni si kosa tena. Kila mara mama mdogo anapokupigia kuuliza aache au atoe, na wewe unamwambia acha, ni pazuri, unamdanganya. Nalisema wazi kwa sababu barua yako ni ndefu na ina maneno mengi mazuri na hilo halimo.

Sasa tuje kwenye mizani yako. Upande mmoja umeweka kiti cha unaibu, upande wa pili mama mdogo, unaniuliza upi mzito. Mimi naona kitu kingine. Umeshaamua kwamba akijua atajitoa. Nani kakwambia? Yeye? Hukumuuliza. Umekaa peke yako na ukuta wako, ukamfikiria, ukamjibia, ukampangia. Huyu mwanamke aliwahi kuamuliwa mambo yake na mtu aliyempenda, akapoteza miaka. Wewe unataka kuwa wa pili. Najua limekuuma, nami nimelikusudia likuume.

Huyo mwenzako wa ofisini usimwombe ushauri tena, hata wa rangi ya viatu. Hakuna kumwambia polepole baada ya Jumamosi. Mtu akishasema maisha yake mbele ya ukumbi, hayarudishi kwenye mkoba akaenda nayo nyumbani. Utakapomwambia baadaye atakuuliza swali moja tu, ulijua lini, na hapo hakuna jibu utakalotoa likawa dogo.

Na hilo la kwamba ni tamthilia tu, mwambie aliyelisema kwamba ingekuwa tamthilia tu msingekodi mabango.

Sikiliza utakavyofanya. Jumanne uende kwake, kwa miguu yako, si kwa simu. Subiri atoke zamu, avue viatu, ale. Usianze kulia, kwa sababu ukianza yeye atakubembeleza, ndivyo alivyo, nimemwona kwenye barua yako, na ukishabembelezwa utakuwa umetoroka. Mwambie hivi: "Mama mdogo, nilikwambia huyu haachi kazi. Nimeona mwisho wake, anaacha. Nimejua tangu wiki iliyopita nikanyamaza kwa sababu ya cheo." Hapo pa cheo ndipo utakapotaka kuruka. Usiruke. Ukishasema, nyamaza. Akigomba, agombe. Akicheka, acheke. Akiinuka akaenda kuosha vyombo bila kukujibu, kaa hapo hapo ulipo mpaka arudi, wala usimfuate jikoni na maelezo.

Kuhusu kusaini, ndiyo, ulisaini. Mwambie hilo moja tu, mwombe lisitoke. Muuguzi wa wodi ya wazazi ana siri za mji mzima kifuani na hakuna aliyewahi kusikia hata moja. Kituo chenu hakitamshinda. Na kama hilo moja litakuja kukugharimu, basi likugharimu. Ulitumia jina lako na udugu wenu kumpata, huwezi kujificha nyuma ya sahihi wakati wa kumwachia.

Kisha mwachie aamue. Akikataa kupanda, umepata jibu, nenda katafute msemaji mwingine, na huyo naye mwambie ukweli. Akisema atapanda, usishangae. Inawezekana kabisa akawa na la kusema zaidi baada ya kujua mwisho kuliko alilokuwa nalo kabla. Mwanamke aliyerudi kuanza chini akapanda mpaka wakunga wanasikilizia viatu vyake haogopi kipande cha tivi. Anachoweza kuogopa ni kuchezewa na mtu wa nyumbani.

Jumatano uende kwa mkuu wako, na hapo nataka usiende kama mshitakiwa. Mara ya kwanza ulikwenda na machozi ya kumezwa, ndiyo maana aliendelea kuandika. Safari hii nenda na kazi mkononi. Mwambie tangazo lake lina muda wa kuisha, na siku litakapoisha litaisha na jina la kituo. Hao wasichana wa maofisini aliokutuma uwalete si watu wa kelele. Wakiona wamedanganywa hawapigi kelele, wanarudi kwenye simu zao, na tamthilia yenu ijayo hata muiwekee mabango ya dhahabu hawatageuza shingo. Na atakayetumwa kuwauzia hiyo ijayo ni wewe.

Halafu mpe tangazo jipya. Wewe ndiye unayejua kazi hii, lakini nikuonyeshe ninavyoiona mimi niliyekaa upande wa wateja wako. Umewauzia wasichana wenzako kana kwamba ni watoto wa kupewa peremende, eti lazima huyo mhandisi ashinde kila kitu ndipo wamwangalie. Kila ofisi ina kiti cha mtu aliyeacha. Wanamjua, walimchangia zawadi, wengine bado wanamwonea wivu na wengine wanamwonea huruma, na wote bado wanabishana habari zake wakati wa chakula. Wapo walioacha kwa hiari yao wakafurahi kweli, hao huniandikia barua fupi sana. Wapo waliobembelezwa wakaacha, hao huniandikia kurasa. Basi waulize. Weka picha ile ile, kofia ile ile, na maneno mapya: WEWE UNGEACHA? Mabango yabandikwe karatasi juu ya maneno ya zamani, ya redioni na ya simuni mnayabadilisha siku moja, usiniambie haiwezekani, mimi nimefanya kazi gazetini na nimeona ukurasa wa kwanza ukipinduliwa wino haujakauka. Hamsemi mwisho, hamdanganyi, na kila msichana atakaa mbele ya tivi ana jibu lake tayari mdomoni. Anayekuja kubishana hukaa mpaka mwisho. Huyo ndiye mtazamaji ambaye mkuu wako anamtaka, ila hajui namna ya kumwita.

Akikataa, mwambie kwa heshima kwamba utapanga viti, utapokea wageni, utasimamia vipaza sauti, lakini maneno yale hutayatamka kwenye ukumbi ule wala hutamleta mtu mwingine ayatamke. Na uendelee na kazi yako nyingine kama kawaida. Mimi si katika wale wanaowaambia wasichana watupe kazi wakae nyumbani na dhamiri zao. Kazi usiache. Akitaka kukutoa, akutoe yeye, kwa maandishi na kwa sababu, tuone ataandika sababu gani.

Na kiti hicho cha unaibu nakutaka ukikalie, usifikiri nakibeza. Una kitu ambacho sijakiona kwa wauzaji wengi. Wengine wangekaa mezani wakabuni wasichana wa kuwauzia. Wewe uliinuka ukaenda kantini, ukanyamaza, ukasikia mwanamke mmoja anasema tumechoka, na ukajua papo hapo umesikia nini. Hiyo haifundishwi. Ila ukishakalia, sharti la kwanza utakaloweka idarani liwe hili: hatutungi neno mpaka tumeona mwisho. Watalalamika kwamba nafasi za mabango zitapotea. Waache walalamike.

La mwisho ni lile uliloniomba, nifiche. Nimejitahidi. Kazi ya binti wa tamthilia si ile uliyoniandikia, maneno ya bango ni yangu, na huo mwisho nao nimeupaka rangi nyingine, kwa hiyo msomaji wa kawaida hatajua mnauza tamthilia gani. Lakini mkuu wako na mama mdogo wako wakisoma watajijua. Hakuna namna ya kumficha mtu barua inayomhusu yeye. Ndiyo maana Jumatatu nilikupigia kwa namba uliyoacha, nikakusomea jibu hili lote, ukaguna pale pa cheo, na nikakwambia naweza kuishikilia barua mpaka Jumamosi ipite, au nisiitoe kabisa. Kisha ukasema, "Hapana, Bi Mkavu, itoe Alhamisi, maana usipoitoa sitakwenda."

Basi hii hapa, nimeitoa. Leo ni Alhamisi, gazeti limeshafika hospitalini, na mama mdogo wako akipata nafasi ya kukaa atafika kwenye ukurasa huu. Naamini hadi sasa umeshakwenda. Kama bado unajivutavuta, shika mkoba wako, inuka, uwahi kabla hajafungua, maana haya anapaswa kuyasikia kwako na siyo kwangu.